Kijumbe, Nyumba na Salari Slipu: Historia Fupi ya Akiba ya Uzeeni Kariakoo

Mama Mkubwa wangu anauza vitenge na madera kwenye fremu wanayochangia watu watatu, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Yuko pale tangu mimi sijaanza darasa la kwanza. Juzi nilipita kumsalimia, nikalalamika kwamba mshahara hauniishi mwezi. Akavaa miwani. "Lete hiyo karatasi nione wanakukata nini."

Nikampa salari slipu. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, kama anavyokagua bili ya mzigo. Kidole kikasimama penye NSSF.

"Hii inakwenda kwa nani?"

"Ni yangu, Mama. Ya uzeeni."

"Yako, na huwezi kuichukua?"

Nikamweleza. Nikamwambia pia jambo ambalo mwenyewe nilichelewa kulijua: mchango ule hutolewa kwanza kwenye mshahara, ndipo kodi inapigiwa hesabu kwenye kinachobaki, kwa hiyo ukichangia kodi yako inapungua. Akanyamaza kidogo, akanirudishia karatasi yangu.

"Kwa hiyo serikali inakuchangia. Mimi nacheza mchezo mwaka wa ishirini na sita huu. Mimi nani kanichangia?"

Sikuwa na jibu la haraka. Makala hii ni jibu la polepole. Hebu msomaji twende pamoja, maana swali la Mama Mkubwa lina umri mkubwa kuliko soko lenyewe.

Tuanzie na hesabu, ili tujue tunazungumzia nini. Tuseme mtu wa sekta binafsi analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri anatoa 10 na mfanyakazi 10. Kwa hiyo yeye anakatwa 60,000. Kodi inapigiwa hesabu kwenye 540,000 zilizobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu, kinachozidi hapo hadi 520,000 kinatozwa asilimia 8, na kinachofuata hadi 760,000 asilimia 20. Huyu atalipa kodi ya 24,000. Asingechangia, angelipa 36,000. Maana yake ni kwamba ile 60,000 ya uzeeni imemtoka mfukoni 48,000 tu. Shilingi 12,000 zilizobaki ni kodi ambayo serikali imekubali kutoichukua.

Sasa geuza mfano. Mtu wa mshahara wa 250,000 naye anachangia asilimia 10 yake, lakini hakuwa na kodi ya kupunguziwa. Nafuu yake ni sifuri. Na yule anayelipwa milioni tatu, ambaye sehemu ya juu ya mshahara wake inatozwa asilimia 30, kila laki anayochangia inampunguzia kodi 30,000. Kumbe nafuu hii inakua kadiri mshahara unavyokua. Mwenye kidogo anapata kidogo, na asiye na salari slipu hapati kabisa.

Hilo halikuanza jana. Mwaka 1889 Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya uzee na ulemavu, miongoni mwa za kwanza duniani za namna yake, na ikaanza kutumika 1891. Mfanyakazi alichangia, mwajiri alichangia, na dola ikaongeza chake. Mwaka huohuo wa 1891 dola hiyohiyo ilishika rasmi utawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani na kuifanya Dar es Salaam makao makuu. Huku haikuja bima ya uzee. Mwaka 1898 ilikuja kodi ya nyumba, na asiyekuwa na rupia akailipa kwa jasho. Serikali moja, kwao inamwongezea mzee, kwetu inamdai mwenye kibanda.

Halafu likaja jina lenyewe la Kariakoo. Wengi tunajua kwamba limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapa baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Lisilosemwa sana ni habari ya mishahara yao. Wapagazi walikufa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na wengi wao waliacha ujira ambao haukudaiwa na mtu. Ndugu walikuwa mbali, orodha zilikuwa na majina yaliyoandikwa ovyo. Watawala wa makoloni na London waliandikiana kwa miaka mingi kuhusu fedha hizo, na mwisho hazikuwafikia wenyewe. Kwa hiyo mtaa tunaouita kitovu cha biashara ya nchi umebeba jina la watu waliofanya kazi, wakawekewa chao na serikali, na watoto wao hawakukiona. Ukimsikia mzee wa Kariakoo anasema pesa iliyo mkononi mwa mwingine si yako, usidhani hajasoma.

Waingereza nao wakaleta utaratibu wao, kwa madaraja. Maofisa wa juu walikuwa na pensheni. Kwa watumishi wa chini wasiostahili pensheni uliundwa mfuko wa akiba mwaka 1942, ndiyo asili ya ule tuliokuja kuuita GEPF. Mwaka 1944 ukafuata wa watumishi wa serikali za mitaa, baadaye LAPF. Karani, tarishi na fundi wa serikali wakapata angalau mkupuo wa kuondokea kazini. Mchuuzi, kuli wa kutwa, mama wa vitumbua, hao walikuwa na Benki ya Akiba ya Posta, iliyoanza Tanganyika mwaka 1925, kama walikuwa na cha kuweka.

Lakini Kariakoo ilikuwa imeshajitungia pensheni yake. Ni nyumba. Nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba analala chumba kimoja na wajukuu, vitano anapangisha. Hiyo kodi ya vyumba ndiyo iliyolipa mchele, mafuta ya taa, daftari la shule na sanda. Wanawake wengi waliokuwa hawana kazi ya ofisini walizeeka kwa heshima kwa sababu ya vyumba hivyo vitano. Haikuhitaji mwajiri, haikuhitaji kujua kusoma, na thamani yake ilipanda bei zilipopanda.

Pembeni ya nyumba ulikuwepo mchezo, au upatu kwa wanaopenda jina la zamani. Watu kumi wanatoa kiasi sawa kila wiki au kila mwezi, mmoja anapokea chungu chote, zamu inazunguka, na kijumbe anashika daftari. Ukikisoma kitabu cha kijumbe kwa makini utaona kila kitu ambacho sheria ya hifadhi ya jamii hukiandika kwa kurasa mia: nani mwanachama, kiwango cha mchango, lini mafao, adhabu ya kuchelewa, na nini kifanyike mtu akifiwa. Kimekosa jambo moja, na ndilo alilouliza Mama Mkubwa. Ndani yake hamna mchango wa mwajiri wala wa serikali. Kila shilingi iliyomo imetoka jasho la waliomo.

Baada ya Uhuru serikali ilitaka kupanua. Mwaka 1964 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF kwa kifupi, kwa ajili ya waajiriwa wa sekta binafsi hasa. Ulikuwa mfuko wa akiba, si wa pensheni. Unachangia, mwajiri anachangia, siku ya kustaafu unapewa zako na riba yake kwa mkupuo, mkono kwa mkono, kwaheri. Mwaka 1978 mashirika ya umma yakapata mfuko wao, PPF.

Katikati ya hapo likaja Azimio la Arusha, 1967, na hapa kuna jambo ambalo wana Kariakoo walilielewa haraka kuliko wasomi. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Yaani ile pensheni ya mtaani, vyumba vitano vya bibi, kwa kiongozi ikawa dhambi ya kibepari. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa. Waliopigwa zaidi walikuwa Waasia wa mjini. Nyumba nyingi za udongo na bati hazikufika kiwango hicho, zikasalimika. Ila ujumbe ulifika: uzee wako uuweke kwenye mfuko wa taifa, taifa litakutunza.

Mimi siwezi kuicheka ndoto hiyo. Kwa mara ya kwanza mtoto wa kuli alisoma shule aliyosoma mtoto wa karani. Tatizo ni kwamba mfuko uliahidi shilingi, na shilingi yenyewe ikaugua. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 17 kwa bei ya serikali. Mwaka 1990 ilikaribia 195. Miaka hiyo bei zilipanda kwa karibu theluthi kila mwaka. Fikiria fundi wa kiwanda cha nguo aliyekatwa kila mwezi tangu 1965. Alipofika dirishani kuchukua mkupuo wake alihesabiwa zote, hakuibiwa hata senti. Akatoka nje, akakuta haitoshi kuezeka nyumba. Jirani yake aliyenunua kiwanja badala ya kuweka akiba akawa tajiri wa mtaa. Somo hilo halikuandikwa popote, lakini kila familia ya Kariakoo inalo.

Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliyalegeza masharti ya uongozi, na viongozi nao wakaruhusiwa kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1997 ikatungwa sheria ya NSSF, na NPF ikafa. Mabadiliko yalikuwa makubwa kuliko jina. Badala ya mkupuo peke yake, mwanachama aliyechangia miezi 180, yaani miaka 15, anapata pensheni ya kila mwezi mpaka kufa. Mwaka 1999 watumishi wa serikali kuu, ambao kabla ya hapo pensheni yao ilitoka Hazina bila wao kukatwa, waliundiwa PSPF na kuanza kuchangia. Mwaka 2018 mifuko minne ya watumishi wa umma, PSPF, PPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa kuwa PSSSF, na NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri.

Hapo ndipo neno "kikokotoo" lilipotoka kwenye hesabu likaingia kwenye daladala. Kanuni mpya za 2018 zilishusha mkupuo wa kustaafu kwa waliokuwa wanapata nusu ya mafao yao hadi robo, kilichobaki kiwe pensheni ya mwezi mwezi. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwishoni mwa Desemba mwaka huo Rais Magufuli aliamuru kanuni za zamani ziendelee kwa muda. Julai 2022 kikaja kiwango cha pamoja cha asilimia 33. Bajeti ya Juni 2024 ikapandisha tena, 40 kwa kundi lililokuwa linapata nusu, na 35 kwa lililokuwa linapata robo.

Wataalamu walisema, na hesabu zao zilikuwa na mantiki, kwamba mkupuo mkubwa unauchosha mfuko na mzee mwenyewe huumaliza mapema. Lakini walimu na manesi hawakuwa wanabishana na mantiki. Walitaka mkupuo kwa sababu mkupuo ndio unaonunua kiwanja na kumalizia nyumba. Walikuwa wanataka kuibadilisha pensheni ya serikali iwe ile pensheni ya bibi, vyumba vitano na korido. Na wengine walikumbuka dirisha la NPF.

Turudi kwenye fremu. Mfanyabiashara mdogo anaruhusiwa kabisa kujiunga na NSSF kwa hiari, na wapo waliojiunga. Lakini ile nafuu ya kodi tuliyoipigia hesabu haimpati, kwa sababu ya namna anavyotozwa. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato, basi hana cha kupunguziwa. Aliye juu kidogo, kwa kawaida anakadiriwa kwa mauzo, si kwa faida. TRA inaangalia ameuza kiasi gani. Awe ameweka akiba ya uzeeni au amekula zote, kodi ni ileile. Hakuna mstari wa kutoa mchango kabla ya kodi kama ulivyo kwenye slipu yangu. Nilipomweleza hivyo, Mama Mkubwa alicheka. "Wanahesabu nilichouza. Nilichobakiwa nacho hawakiulizi."

Na akiweka benki? Riba ya akiba ya benki inakatwa asilimia 10 papo hapo. Njia iliyo karibu naye zaidi ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja. UTT ilizindua Mfuko wa Umoja mwaka 2005, na Mfuko wa Watoto mwaka 2008, ambao mzazi au mlezi humnunulia vipande mtoto aliye chini ya miaka 18 kwa ajili ya masomo au mtaji wa baadaye. Gawio la mifuko hiyo halikatwi kodi mkononi mwa mwekezaji. Hilo ni jambo jema, ila tusilichanganye na lile la salari slipu. Hapa unaingiza pesa iliyokwishatozwa kodi, nafuu ni kwenye faida tu. Kule unaingiza pesa ambayo haijaguswa.

Kwa elimu, njia ya Tanzania imekuwa tofauti na ya Marekani. Wenzetu walioko kule hutusimulia akaunti za 529, zilizoanza kisheria 1996, na za 401(k), zilizotokana na sheria ya 1978. Majina hayo ni namba za vifungu vya sheria yao ya kodi tu. Mzazi anaweka, faida inakua bila kodi, mtoto anasoma. Huku mzazi hana kifungu cha kumpunguzia kodi kwa sababu ya ada. Serikali ilichagua kuondoa ada yenyewe: shule za msingi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, sekondari hadi kidato cha nne kuanzia 2016, kidato cha tano na sita kuanzia 2022. Chuo kikuu ni mkopo wa bodi, na tangu 2016 mnufaika mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Mimi nakatwa. Na mkopo, tofauti na mchango wa NSSF, haupunguzi kodi.

Nikiulizwa ipi ni ya haki zaidi, nitasema kuondoa ada. Kunamfikia mtoto wa muuza mihogo sawa na wa meneja. Kwa uzee tumefanya kinyume chake. Mkono wa serikali tumeufungia ndani ya salari slipu, wakati wengi wa Kariakoo hawatakuwa na slipu maisha yao yote.

Kenya walijaribu upande huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vyama vya jua kali vilianzisha mpango wa pensheni walioupa jina la Mbao, yaani shilingi ishirini za kwao, kiasi cha kuweka kwa siku kupitia simu. Wazo ni zuri: umfuate mchangiaji alipo, kwa kipimo cha kipato chake cha siku. Lakini hata hapo swali la Mama Mkubwa linabaki. Mbao ni ya nani peke yake? Kama dola inaweza kumwachia mwenye mshahara mkubwa 30,000 katika kila laki, haiwezi kumwekea muuza vitenge shilingi elfu moja juu ya kila elfu kumi?

Najua jibu moja litakalokuja: watu hawa hawaamini mifuko, hata ukiwaongezea hawatakuja. Si kweli kwamba hawaamini. Wanaamini kwa masharti. Kijumbe anaaminiwa kwa sababu anakaa mtaa huu, daftari lake linafunguliwa mbele ya wote, na zamu haibadilishwi katikati ya mchezo. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, sehemu kubwa ya gharama zake ilitoka NSSF. Mchangiaji analivuka, anajivuna, halafu anauliza: na zamu yangu itabadilishwa tena?

Wala mtaa nao hauna usalama wa kujisifia. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu, jengo la Beda Amuli lililofunguliwa 1975, liliungua. Waliopoteza bidhaa hawakupoteza bidhaa tu. Kwa wengi ule mzigo ndio uliokuwa ada ya Januari na ndio uliokuwa uzee. Na zile nyumba za vyumba sita zinaisha. Warithi wanauza au wanaingia ubia na wajenzi wa ghorofa, wanagawana. Bibi aliyekula kodi ya vyumba vitano kwa miaka arobaini, wajukuu zake wanapata mkupuo mmoja, na sote tunajua habari za mkupuo.

Nilipomaliza kumsimulia haya, jua lilikuwa limeshuka na mawinga wanaitana kufunga. Mama Mkubwa alitoa daftari lake la mchezo chini ya mafungu ya vitenge, akahesabu zamu kwa kidole. Yeye ni wa Novemba.

"Nikipokea," akasema, "nusu nitamnunulia mwanao hivyo vipande vya watoto. Utanisindikiza. Hiyo ya uzeeni kwanza kaniulizie."

"Niulize nini, Mama?"

"Waulize, nikishaanza kuchangia, masharti yatabaki haya haya mpaka zamu yangu?"

Bado sijaenda kuuliza.